Taa ya Injini Kilomita ya Saba

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha, upepo mdogo kutoka upande wa bwawa.

Mdogo wangu,

Ningekupigia simu, lakini namba yangu uliifungia mwaka juzi, na sikuona sababu ya kununua laini nyingine kwa ajili yako. Kwa hiyo naandika. Barua hii nampa kondakta wa basi la saa mbili akukabidhi mkononi hapo gereji kwako, na nimemwambia asikubali kuambiwa haupo.

Jumapili tarehe 30, saa tatu asubuhi, mjomba ameitisha kikao cha familia hapa nyumbani. Kinachojadiliwa ni wewe. Mama amechoka kuulizwa na watu mwanawe wa kiume yuko wapi. Alisema mbele ya mjomba na mbele yangu, nami niliandika maneno yake siku hiyo hiyo: "Akikiri, arudi nyumbani. Asipokiri, nitahesabu kwamba nilizaa mtoto mmoja." Unachotakiwa kufanya ni kidogo. Andika ukurasa mmoja, utie sahihi, useme kwamba gari la baba uliliharibu wewe na kwamba baba alifia njiani kwa sababu ya mikono yako. Mjomba atausoma. Baada ya hapo mlango uko wazi.

Ili usije ukasema umesahau, nakukumbusha kutoka kwenye shajara yangu. Jumamosi tarehe 12 Machi mwaka juzi ulikuja kulifanyia gari sevisi, ukabadilisha plagi zote nne, ukanywa chai, ukaondoka saa kumi. Alhamisi tarehe 17, saa kumi na mbili na robo asubuhi, baba alishikwa na kifua. Nikamweka kiti cha nyuma. Mpaka hospitali ni kilomita kumi na nane. Kwenye kilomita ya saba taa ya injini ikawaka, gari likaanza kutetemeka, tukaishia kando ya barabara. Dakika hamsini na tano tulikaa pale, mpaka lori la mchanga likatuchukua. Baba alikata roho langoni pa hospitali. Daktari alisema, "Mngefika nusu saa mapema tungekuwa tunazungumza mengine."

Siku tano tu baada ya wewe kulifungua. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikisimamia mitambo ya pampu ya maji. Mtambo ukiharibika siku tano baada ya fundi kuushika, hatumtafuti mchawi.

Nasubiri ukurasa huo kabla ya tarehe 20.

Dada yako


Alhamisi, 6 Juni

Dada Daftari,

Kondakta wako amenikuta chini ya gari la mteja, akanivuta mguu kama anashusha gunia. Barua nimeipata. Sikujua kama bado unaandika na hali ya hewa. Huku ni joto na vumbi, ongeza kwenye kumbukumbu zako.

Ukurasa hamtaupata. Nimekubali mambo mengi miaka hii miwili. Nilikubali kusimama nyuma ya watu kwenye maziko ya baba yangu mwenyewe, kama mpita njia aliyesikia kilio akaingia. Nilikubali mama akate simu akisikia sauti yangu. Shangazi alipowaambia majirani kwamba nilimtengenezea baba jeneza lenye magurudumu, nilinyamaza. Lakini niandike kwa mkono wangu kwamba nilimuua, halafu mjomba avae miwani yake aisome kama taarifa ya habari? Hapana. Mwambie atafute ajenda nyingine.

Na usinipimie kazi yangu kwa kazi yako. Pampu imekaa mahali pamoja inanung'unika tangu hatujazaliwa. Gari inakwenda.

Halafu hiyo gari, kwa nini bado mnayo? Imefunikwa turubai nyuma ya nyumba inaota kutu. Waite wanaonunua chuma chakavu waibebe. Usiifungue, usiiwashe, usiite fundi mwingine. Ni hilo tu ninalokuomba, na unajua sina tabia ya kukuomba kitu.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 9 Juni
Jua kali tangu saa moja, hakuna wingu.

Mdogo wangu,

Asante kwa ushauri. Mtu asiye na hatia hamkatazi mwenzake kufungua boneti. Ulipoandika "usiifungue", nilimsomea mama, na yeye akasema, "Umeona?" Basi nimeona.

Nimeamua gari lenyewe litoe ushahidi. Nitaliwasha, nitatafuta taa ile iliwaka kwa nini, na kila hatua nitaiandika ili kikao kiisikie. Jirani yetu dereva wa lori amenikopesha betri na kifaa chake cha kusomea injini. Unakichomeka chini ya usukani, kinakuonyesha namba, na kila namba ina ugonjwa wake. Ameniazima pia kitabu kidogo chenye orodha ya namba hizo, kimejaa alama za vidole vya grisi mpaka kurasa nyingine hazisomeki.

Ijumaa na jana, nikiwa nje ya zamu, nimefanya haya. Nimetoa turubai. Ndani ya kichujio cha hewa panya walikuwa wamelea familia mbili au tatu, nimewahamisha. Petroli ya zamani inanuka kama rangi ya kupaka. Nimeinyonya kwa mpira, nikatema mate nusu saa, nikaweka mpya. Oili nimebadilisha. Nyaya nimezipitia mmoja mmoja kwa tochi, panya hawakuzigusa. Jirani alicheka akasema hajawahi kuona mtu akiipa bolti namba kabla ya kuifungua. Nikamwambia ndiyo maana zake huwa zinabaki mkononi.

Mama alikuwa akitazama kutoka dirisha la jikoni. Nilipokaa kiti cha dereva alivuta pazia.

Jumamosi ijayo sina zamu. Nitawasha siku hiyo. Bado una nafasi ya kuandika ukurasa wako kwa hiari, ambayo ni tofauti na kukamatwa.

Dada yako


Jumatano, 12 Juni

Dada,

Kumbe umepanda cheo, kutoka mlinzi wa pampu mpaka daktari wa magari. Hongera. Hicho kifaa cha dereva wa lori ni kama kipimajoto. Kinakuambia mtoto ana homa, hakikuambii amekula nini. Kila wiki wanakuja watu hapa na namba wameandika kiganjani, wameshabadilisha vipuri vitatu vizima, na kile kibovu bado kimo ndani kinawacheka. Juzi mmoja alikuja amebadilisha hadi tangi. Tatizo lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka, mrefu kama kidole changu.

Na wewe utafanya hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Sikiliza. Unatafuta nini hasa? Injini itawaka tu, hiyo haijawahi kuwa na shida ya kuwaka. Utaendesha mpaka kona ya shule, utarudi, utaandika. Halafu? Baba atashuka kiti cha nyuma? Mama akisikia ile injini inanguruma nyuma ya nyumba yake, anayemtesa ni wewe, si mimi.

Rudisha turubai. Kama mnataka wa kumlaumu, si mnaye? Mmeshanilaumu miaka miwili bila karatasi, hamkupungukiwa na kitu.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 16 Juni
Manyunyu saa kumi na moja alfajiri, yakakatika. Udongo wa uani bado mbichi.

Mdogo wangu,

Nimekupata.

Jana saa tatu na dakika tano nilizungusha ufunguo, gari likawaka mara ya kwanza. Taa zote za dashibodi ziliwaka na kuzima kama kawaida, na ile ya injini nayo ikazima. Nilizunguka mtaani, kona ya shule, barabara ya soko. Dakika ya kumi na mbili taa ya njano ikapepesa mara chache, kisha ikatulia ikawaka moja kwa moja, na gari likaanza kutetemeka. Mtetemo ule ule. Nilirudi nyumbani polepole, nikachomeka kifaa. Kikaandika P0303. Kitabu kinasema silinda ya tatu haichomi.

Sasa usinichekee na vipimajoto vyako, kwa sababu sikukimbilia dukani. Nilitaka kujua ni plagi au ni ile koili inayokaa juu yake na kuipelekea umeme. Gari lina koili nne zinazofanana. Nilitoa ya silinda ya tatu nikaiweka ya kwanza, na ya kwanza nikaiweka ya tatu. Plagi sikuzigusa. Nikafuta namba, nikaendesha tena njia ile ile. Dakika ya tisa taa ikawaka. Kifaa kikaandika P0301. Yaani ugonjwa umehama pamoja na koili. Plagi ni nzima, nyaya ni nzima. Koili ndiyo mbovu.

Niliitoa nikaiangalia kwa kioo cha kusomea cha mama. Shingoni ina ufa mwembamba kama unywele, unaozunguka nusu. Koili haipasuki yenyewe ikiwa imetulia juu ya injini. Inapasuka mtu anapoing'oa kwa nguvu ili abadilishe plagi. Aliyeing'oa ni nani? Tarehe 12 Machi, shajara yangu inakutaja wewe na chai yako.

Koili nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, itawekwa mezani siku ya kikao.

Kitu kimoja sikuelewa. Uliandika kwamba injini haijawahi kuwa na shida ya kuwaka. Wewe jioni ile ya tarehe 17, ulipokwenda kulichukua kule njiani, ulituambia ulilivuta kwa kamba. Ulijuaje kwamba linawaka?

Dada yako


Jumatano, 19 Juni

Dada,

Imetosha. Umeshinda. Ukurasa mnaoutaka ndio huu, mpe mjomba.

"Mimi, mtoto wa pili wa marehemu, nakiri kwamba tarehe 12 Machi mwaka juzi nilipobadilisha plagi za gari la baba nilipasua koili ya silinda ya tatu. Kwa sababu hiyo gari liliharibika njiani tarehe 17 na baba hakufika hospitali kwa wakati. Kosa ni langu peke yangu. Namwomba mama msamaha."

Sahihi nimeweka chini, na dole gumba pia, maana najua mjomba anapenda wino.

Kuhusu kuwaka, ni maneno ya gereji tu, usiyachambue kama maandiko. Sasa ondoa betri ya watu, rudisha turubai, na usiiendeshe tena. Nimeshaandika mlichotaka. Usiiendeshe.

Mdogo wako


Jumamosi, tarehe 22 Juni
Ukungu mpaka saa moja na nusu, baadaye jua hafifu.

Mdogo wangu,

Ukurasa wako sijampa mjomba. Uko ndani ya shajara.

Wiki mbili umenitukana kwa sababu ya ukurasa huo, halafu siku nilipokuuliza swali moja ukauandika haraka haraka, ukaniambia mara mbili nisiendeshe. Nimekaa na mitambo muda mrefu. Kelele ikibadilika ghafla ikawa kimya, unaenda kuangalia.

Leo alfajiri nimeirudisha ile koili yenye ufa mahali pake, silinda ya tatu, kama ilivyokuwa. Saa kumi na mbili na robo nilitoka nyumbani peke yangu kwa njia ya hospitali. Kwenye kilomita ya nne taa ikawaka na gari likatetemeka. Sikusimama. Nilipita kilomita ya saba, pale penye daraja dogo na kibanda cha tofali kisichoisha kujengwa. Gari lilikuwa linatembelea silinda tatu, halina nguvu, kwenye kilima nilishuka hadi gia ya pili. Lakini lilikwenda. Kutoka darajani mpaka langoni pa hospitali ni kilomita kumi na moja. Nimetumia dakika kumi na tisa.

Niliegesha nikafungua kitabu cha gari kilichokuwa kwenye sanduku la dashibodi tangu baba alinunue, bado kimo ndani ya nailoni yake. Kinasema taa ya injini ikiwaka, punguza mwendo, endelea kwa uangalifu, mwone fundi mapema. Inayotaka usimame na kuzima papo hapo ni ile nyekundu ya oili na ile ya joto. Nimesoma ukurasa huo mara nne.

Kwetu kwenye pampu kuna bango moja tu ukutani, limekuwepo tangu siku yangu ya kwanza. Taa ikiwaka, zima mtambo, usiguse, subiri fundi. Sisi tukizima, watu wanakosa maji saa mbili. Hakuna anayekufa.

Shajara yangu ya tarehe 17 Machi inasema: "Taa imewaka 12:31. Nimezima injini isiharibike. Nasubiri." Nimeiandika mimi. Nimeisoma mara nyingi sana nikikutafuta wewe ndani yake, na sikuwahi kuona kwamba aliyezima ni mimi.

Nakuuliza tena, na safari hii usinidanganye, maana umeshanidanganya vya kutosha kwa kunyamaza. Jioni ile ulilirudishaje gari nyumbani?

Dada yako


Jumanne, 25 Juni

Dada,

Nililiendesha.

Nilikwenda na pikapu ya rafiki yangu na kamba. Ufunguo ulikuwa umeuacha chini ya zulia la miguu. Nilizungusha mara moja, ikawaka. Nilikaa pale darajani nikiwa nimeshika usukani, nikatukana mpaka sauti ikaisha, na sijui nilikuwa namtukana nani. Rafiki yangu aliniuliza tufunge kamba au tusifunge. Nikamwambia aende zake. Niliileta mpaka nyumbani, nikaisukuma kwa mkono hatua za mwisho ili msisikie injini, nikaifunika turubai. Ninyi mlikuwa ndani na watu wa msiba.

Usifikiri nilifanya hivyo kwa upole. Nilikuchukia, na bado sijamaliza. Kuna wiki nzima nililala nikiwaza kupanda basi, nije nisimame sebuleni wakati shangazi yupo, niiwashe ile gari mbele ya mama, nitazame uso wako. Nilishafika stendi mara moja. Nikarudi.

Nilirudi kwa sababu ya ule ufa. Niliuona, dada. Jumamosi ile, ilipolia kidogo mkononi wakati naing'oa, niligeuza nikauona. Koili ya akiba sikuwa nayo. Nikasema itafika mwisho wa mwezi, nitakuja na nyingine. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ananisimulia kitu, nikaona aibu kumwambia nimepasua. Nikairudisha, nikanywa chai nikaondoka. Hilo sijamwambia mtu. Sasa ningesimama vipi sebuleni niseme gari ingefika? Ningekuwa natafuta tu pa kutupia ufa wangu. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikafunga boneti.

Kwa hiyo ukurasa wangu ni wa kweli. Mpe mjomba. Yako usiseme. Nilipokuambia usiiwashe nilikuwa nataka usifike hapo ulipofika, lakini wewe ukishashika daftari hata kifaru hakikuzuii. Mama ameshazoea kukasirika na mmoja, anajua jinsi ya kuishi hivyo. Ukimpa wawili, atabaki na nani wa kumpikia chai?

Kwenye kifurushi kuna koili mpya. Imekaa kwenye rafu yangu tangu Machi ile, sikuweza kuiuza. Kaza bolti yake kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Usiikaze kama unafunga geti la pampu.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 1 Julai
Mvua ya kweli tangu saa kumi na mbili, bila upepo, paa linapiga kelele.

Mdogo wangu,

Koili niliifunga Jumamosi. Taa imezima na haijarudi. Umenitukana sana kwenye kazi hii, lakini kipuri ulichochagua ni chenyewe.

Sikukutii. Jana mjomba alivaa miwani, akasoma ukurasa wako mpaka kwenye dole gumba. Shangazi akasema sasa ameridhika. Mama alikunja khanga yake magotini mara nne. Ndipo nikasimama na shajara yangu nikasoma tarehe 17 Machi, yote, kisha nikasoma tarehe 22 Juni, kilomita na dakika. Nikasoma barua yako ya Jumanne pia, isipokuwa pale uliponichukia, hapo ni pangu. Mjomba aliniuliza kama najua ninachosema. Nikamwambia kwamba mdogo wangu alipasua na mimi nilizima, na kama kuna wa kufungiwa mlango, tuko wawili. Shangazi alianza kusema habari ya shetani. Mama akamwambia anyamaze, kisha akaniambia nilete ufunguo.

Nilifikiri anataka kuutupa. Akaenda uani akafungua mlango wa nyuma wa gari, akakaa kiti alichokaa baba, akaniambia nimpeleke. Tuliwaacha wakiwa na vikombe mikononi.

Kwenye daraja aliuliza, "Ni hapa?" Nikasema ni hapo. Akaniambia nisimame. Nikasimama, injini nikaiacha inawaka. Alitazama kile kibanda cha tofali kwa muda, halafu akaniuliza, "Dakika hamsini na tano alikuwa anasema nini?"

Mdogo wangu, miaka miwili hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Wote waliniuliza gari lilifanya nini. Mimi mwenyewe sikuandika. Shajara yangu ina saa, ina taa, ina rangi ya lori lililotuchukua, na haina neno hata moja la baba. Niliacha nafasi ya mistari mitatu, nikasema nitaijaza baadaye.

Nikamwambia mama. Alisema, "Washa twende." Alisema mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti yake ya kawaida, kama ananituma dukani. Nikamjibu, baba, taa inawaka, tukilazimisha litaharibika kabisa. Mara ya pili alisema taratibu sana, na akaongeza, "Likiharibika liharibike." Nikamwambia avumilie, fundi atakuja. Baada ya hapo alifumba macho akawa ananishika bega tu kutoka nyuma, mpaka lori likafika.

Nilimwona mama kwenye kioo, hakuwa analia. Kisha mkono wake ukaja begani kwangu kutoka kiti cha nyuma, ukakaa. Akasema, "Washa twende." Gari lilikuwa linawaka tayari. Nikaingiza gia tukaenda mpaka langoni pa hospitali, tukageuza, tukarudi.

Tuliposhuka alisema mambo mawili, nayaandika kama alivyoyasema. La kwanza: "Mwandikie mdogo wako chumba chake kimejaa magunia ya mkaa na vyuma vya baba yenu. Aje ayatoe mwenyewe, mimi si kuli wake." La pili alisema hajanisamehe, wala wewe hajakusamehe, ila hataki kuanza upya kutukasirikia kwa barua. Ukija atatukasirikia pamoja, mezani.

Sikuombi msamaha hapa. Ukija nitakuomba ukinitazama, na ukitaka kunitukana utanitukana ukiwa umebeba gunia, nitashika upande wa pili. Namba yangu ifungue ili nijue basi lako linafika lini. Nitakuja stendi na gari.

Ile mistari mitatu ya tarehe 17 Machi nimeijaza. Tangu barua yako ifike sikuwa nimepata usingizi wowote wa maana. Jana baada ya kuandika nililala saa nane na nusu mchana mpaka leo asubuhi.

Dada yako